Kibarua wa NFL

Tovuti za takwimu za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, hazimtupi mtu. Hata aliyeingia uwanjani Jumapili moja, akapigwa kumbo, akatoka asirudi tena, jina lake limo, pamoja na urefu, uzito na chuo alichosoma. Nami nimo. Msimu wa 2021: mechi chache, mbebaji mpira 1 niliyemwangusha. Msimu wa 2022 haupo kabisa, kwa sababu kwa hesabu za ligi mwaka ule sikucheza, ingawa ndio ulionila zaidi.

Jamaa zangu wa Mombasa hupenda kuniuliza, "Ulicheza NFL miaka mingapi?" Swali jepesi, jibu ndilo gumu. Umoja wa wachezaji, NFLPA, umekuwa ukisema kwa muda mrefu kwamba mchezaji wa kawaida hudumu miaka 3.3 hivi. Ligi nayo hujibu kwamba ukiwahesabu wale tu waliokuwamo kikosini siku ya ufunguzi wa msimu wao wa kwanza, ni karibu miaka 6. Hakuna anayesema uongo hapo. Kila mmoja anahesabu watu wake. Mimi ni wa kundi linaloushusha wastani.

Nilizaliwa Tudor, Mombasa. Mama alitangulia Texas, akaanza kwa kuhudumia wakongwe katika makao ya wazee, akasoma usiku mpaka akawa muuguzi. Mimi nikamfuata nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Tuliishi vitongoji vya kaskazini mwa Dallas, ambako Wakenya si haba: unga wa ugali unapatikana, na matanga yakitokea watu wanajaa sebuleni kama nyumbani. Kilichonishangaza kule ni mpira wa shule. Shule ya sekondari ya Allen, mji wa jirani, ilifungua uwanja wake mwaka 2012: viti 18,000, gharama dola milioni 60. Uwanja wa shule! Nilipoingia sekondari kocha alinisimamisha kwenye korido. Hakuniuliza kama najua kucheza. Aliniuliza navaa kiatu namba ngapi, na alipokutana na Mama akamwuliza wajomba zangu wana urefu gani.

"Mwanangu amekuja kusoma," Mama alimjibu.

Kocha akamwambia mpira ndio utakaolipa masomo hayo. Katika hilo alisema kweli. Nilimaliza chuo kikuu bila Mama kutoa senti ya ada.

Nilicheza linebaka. Kwa asiyeufahamu mchezo, kuna safu ya majitu yanayosukumana mbele, na nyuma yao wanasimama watu wawili au watatu ambao kazi yao ni kusoma mchezo kabla haujafunguka, kisha kukimbilia mahali mpira utakapofika na kumlaza aliyeubeba. Chuoni nilikuwa hodari. Nasema bila haya, kwa kuwa kila anayefika NFL alikuwa hodari chuoni, na ndiyo maana uhodari wa chuo ukifika pale hauna bei.

Nilimaliza katika mwaka wa Korona. Kwa kawaida vijana zaidi ya 300 hualikwa Indianapolis kila mwaka wapimwe mbele ya klabu zote 32. Mwaka 2021 majaribio hayo hayakufanyika uwanjani. Skauti, yaani watafuta vipaji wa klabu, walitufuata vyuoni. Kwa mtu kama mimi, ambaye mwaliko wa Indianapolis usingenifikia, hiyo ilikuwa nafuu, kwa sababu mwaka huo hata nyota walikimbia yadi zao 40 kwenye majani ya chuo chao. Nilikimbia, nikaruka, nikalala kwenye benchi na kuinua chuma cha ratili 225, yaani kilo 102, mara nyingi kadiri kifua kilivyoruhusu. Mzee mmoja mwenye saa ya kupimia aliandika kitu kwenye daftari, akasema "sawa," akaenda kununua kahawa.

Drafti, ambako klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, ilifanyika Cleveland, kuanzia tarehe 29 Aprili hadi 1 Mei. Raundi 7, majina 259. Langu halikusomwa. Watu wengi hudhani mambo huishia hapo, kumbe kwa watu wa tabaka langu ndipo yanapoanza. Raundi ya 7 ikikaribia mwisho, simu za mawakala huanza kulia, kwa sababu klabu zinagombea waliobaki, na mengi huamuliwa ndani ya saa moja. Wakala wangu alikuwa na simu mbili masikioni. Klabu moja ilitoa fedha ya kusaini kubwa kidogo kuliko nyingine. Akaniambia, "Usiangalie hela hiyo. Hesabu malinebaka wao." Tukahesabu. Iliyotoa kidogo ilikuwa na pengo. Tukaenda huko, kaskazini, kwenye baridi.

Ushauri ule ndio bora kuliko wote niliopewa katika kazi ile, na ningependa kila kijana aupate kabla hajaishika kalamu.

Kambini tulikuwa 90. Nafasi za kikosi ni 53. Mwaka ule ligi ilipanga mchujo mara tatu: tarehe 17 Agosti tubaki 85, tarehe 24 tubaki 80, tarehe 31 tubaki 53. Jambo jingine lilibadilika mwaka uleule. Msimu uliongezwa kutoka mechi 16 kuwa 17, na ili nafasi ipatikane, mechi za kirafiki za Agosti zikapunguzwa kutoka 4 hadi 3. Kwenye magazeti habari hiyo ilipita kama habari ya ratiba. Kwa sisi wa chini ilikuwa robo ya nafasi yetu kuyeyuka. Nyota hachezi mechi za Agosti. Anakaa pembeni na kofia yake. Mechi zile ni zetu. Zikipungua, kocha anakuona mara chache zaidi, na anayeonekana mara chache hukumbukwa kwa kosa lake moja.

Mshahara wa kambini ni posho tu. Mshahara wenyewe huanza msimu ukianza, na kwa asiye na mkataba uliodhaminiwa huendelea maadamu bado umo. Watu wakisoma kwamba kima cha chini cha mchezaji mpya mwaka 2021 kilikuwa dola 660,000 hudhani mtu amekabidhiwa 660,000. Kiasi hicho hugawanywa kwa wiki 18. Ukiwepo wiki 3, umelipwa za wiki 3.

Katika kila klabu yupo mtu ambaye wachezaji humwita Mturuki. Jina ni la zamani mno, na anayefanya kazi hiyo kwa kawaida ni kijana mpole wa ofisini. Siku za mchujo hupita vyumbani na kwenye meza za chakula asubuhi, akakugusa bega: "Kocha anataka kukuona. Njoo na tableti yako." Tableti ndiyo yenye kitabu cha michezo ya klabu, kwa hiyo ukiambiwa uibebe, umeshaelewa. Tarehe 31 Agosti alinijia nikiwa na kijiko cha uji wa shayiri mkononi. Niliumaliza uji. Sijui kwa nini, lakini niliumaliza, naye akanisubiri.

Meneja aliongea dakika mbili. Alisema kwa siku moja nitakuwa kwenye orodha ambayo klabu nyingine 31 zinaweza kunichukua, na isiponichukua yoyote, wangependa nirudi kwenye kikosi cha mazoezi, yaani watu wa akiba wanaofanya mazoezi na klabu bila kuwamo kwenye wale 53. Haikunichukua yoyote. Nikarudi.

Kikosi cha mazoezi kilikuwa na watu 16, na kima chake mwaka ule dola 9,200 kwa wiki. Ni fedha nyingi, sitajifanya vingine. Muuguzi wa Texas hakuwa akizisogelea. Ila mkataba wenyewe unaweza kukatwa siku yoyote, na Jumanne ndiyo siku ya hatari, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko ya wachezaji na siku ya kazi ya ofisi. Jumanne klabu huita watu wa nje iwapime, na mmoja wao akipendeza, kuna aliye ndani anayefungasha. Wengi wetu hatukununua samani. Tulipanga vyumba vya hoteli vya kulipia kwa wiki. Mwenzangu mmoja alinunua kochi mwezi wa Oktoba, tukamcheka sana, na wiki iliyofuata akawa anatafuta wa kumwuzia.

Habari zilifika Mombasa kabla yangu. Binamu aliweka picha yangu kwenye kundi la familia la WhatsApp, chini yake akaandika kima kile cha 660,000 na kukibadili kwa shilingi: zaidi ya milioni 70. Siku hiyo simu yangu iligeuka ofisi ya chifu. Jina la Daniel Adongo lilitajwa katika kila mazungumzo. Kwetu Adongo ni jina kubwa: mwanaraga aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza hata mechi moja ya mchezo huu, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Nikiwa sekondari nilimtazama kama mtu aliyetembea juu ya maji. Kufikia mwaka 2015 mambo yake na Colts yalikuwa yamekwisha, baada ya mechi chache tu. Lakini nyumbani watu hukumbuka siku ya kusaini. Siku ya kutoka haitangazwi na mtu.

Mjomba alipiga akanikuta kwa Mama. "Mpwa wangu, Mungu amekujalia. Kuna ploti Kilifi, mita chache tu kutoka barabarani, mwenyewe ana haraka ya kuuza."

Mama alinyoosha mkono, akaichukua simu. "Kaka, shikamoo. Huyu mtoto ni kibarua. Analipwa kwa wiki, na Jumanne yoyote aweza kuambiwa asirudi."

"Kibarua wa dola elfu tisa?"

"Kibarua ni kibarua, kaka. Akiajiriwa nitakupigia mwenyewe."

Tangu siku ile maombi yote ya fedha yalipitia kwa Mama. Si kwamba hatukutuma. Tulilipa ada za watoto wawili wa mjomba huyohuyo na tukaezeka upya nyumba ya bibi. Tulichokataa ni kitu chochote cha kulipwa kwa awamu, kwa sababu awamu inahitaji mtu anayejua atakuwa wapi mwezi ujao. Nimekutana na wachezaji waliopata mara kumi yangu ambao hawakuwa na mtu wa kuwashikia simu.

Nizungumzie kazi yenyewe, maana hii haionyeshwi kwenye televisheni. Mtu wa kikosi cha mazoezi hujifunza mchezo wa klabu yake ili awe tayari, lakini kuanzia Jumatano hadi Ijumaa hauchezi. Anacheza mchezo wa adui. Kocha msaidizi husimama na rundo la kadi zenye michoro, ananyanyua moja, unaitazama kwa sekunde mbili tatu, kisha unafanya alichochorwa mtu wa upande wa pili. Wiki moja mimi ndiye Bobby Wagner wa Seattle. Wiki nyingine ni Fred Warner wa San Francisco, na mshambuliaji wetu mkuu ananikaripia: "Warner angekuwa ameshafika hapo!" Najua. Warner analipwa mamilioni kwa sababu angekuwa ameshafika hapo. Kuna ujanja wa kuijua kazi hii. Ukimwiga adui vizuri mno, ukaharibu zoezi mara tatu mfululizo, makocha wa ushambuliaji wanakasirika, huku makocha wa ulinzi wakiandika jina lako. Ukizembea, mazoezi yanakwenda vizuri, kila mtu anafurahi, na Jumanne unaitwa. Mimi niliharibu mazoezi.

Hata hivyo si hilo lililoniingiza uwanjani.

Kanuni ya mwaka ule iliruhusu klabu kupandisha watu 2 wa kikosi cha mazoezi kwa kila mechi, na kila mtu asipandishwe zaidi ya mara 2 kwa msimu. Wiki uliyopandishwa ulilipwa kama wa kikosini, dola 36,000 na ushei kabla ya kodi, kisha Jumatatu ulirudi kwenye 9,200 zako. Ilipofika Desemba 2021 likaja wimbi la Omicron. Klabu zilipoteza watu kumi, kumi na tano kwa wiki. Mechi tatu za wikendi moja zikasogezwa mbele. Waliopandishwa kujaza nafasi za wagonjwa wa Korona hawakuhesabiwa kwenye zile mara 2. Kwa maneno mengine, nilicheza NFL kwa sababu wenzangu waliugua. Mtu mmoja niliyechukua nafasi yake alinitumia ujumbe kutoka kitandani, ana homa, ananiambia mrudishaji mpira wa timu ile hupenda kukata kushoto.

Sikuwekwa kwenye ulinzi. Niliwekwa kwenye kikosi maalumu, wale wanaoingia mpira unapopigwa mbali kwa mguu. Unasimama mstarini, mpira unapigwa, unakimbia yadi 50 kwa nguvu zako zote kumfuata anayeudaka, yaani mrudishaji, huku mwingine mwenye kilo 110 akikimbia kukufuata wewe. Kelele za uwanja huzisikii ukishaanza kukimbia. Unasikia pumzi yako ndani ya helmeti. Mrudishaji akakata kushoto, kama mgonjwa alivyosema. Nikamkamata kiunoni, tukaanguka, yadi 21. Ndiye yule 1 wa kwenye tovuti. Sauti ya mtangazaji ilitaja jina langu, akalikosea, na Mama hadi leo ana video hiyo kwenye simu yake.

Mwaka uliofuata nilirudi kambini nikiwa na jina kidogo. Makocha walinijua, nilikaa meza ya mbele, kitabu cha michezo nilikijua usingizini. Agosti 2022, mechi ya kirafiki, kazi ileile ya kukimbiza mpira uliopigwa: niliingia kwenye mgongano na bega la kulia likatoka.

Klabu hairuhusiwi kumtupa mchezaji majeruhi hivihivi. Ama ikuweke kwenye orodha ya majeruhi na kukulipa, ama mpatane. Mapatano ni hivi: madaktari wanakadiria utapona baada ya wiki ngapi, unalipwa wiki hizo, mnaachana, nawe uko huru kutafuta kwingine ukishapona. Kwa mtu aliyeona nafasi yake inajazwa na mwingine, uhuru huo unavutia. Nilisaini. Makadirio yalikuwa ya wiki kadhaa. Bega halikuwa limeyasoma makadirio.

Kuna jambo moja nililofanya siku ile kwa sababu Mama alinipigia na kunishurutisha: kabla sijarudisha tableti na funguo za kabati, niliomba nakala ya faili langu lote la matibabu. Kila picha, kila sindano, kila saini. Yule karani alishangaa. Faili hilo limenisaidia kuliko mshahara wowote, kwa kuwa mchezaji wa NFL ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine na anaweza kudai fidia ya kuumia kazini, na madai hayo hayashindwi wala hayashindi kwa hadithi. Yanataka karatasi. Muuguzi anayajua hayo. Sisi vijana tulikuwa tunapigana picha za kuagana.

Kilichofuata ni Jumanne za watu wengine. Sasa mimi ndiye niliyeitwa kumtisha aliye ndani. Unapanda ndege Jumatatu jioni na begi moja lenye viatu vya njumu. Hoteli ya karibu na uwanja wa ndege. Alfajiri basi dogo linawachukua, mko malinebaka watano, mnatazamana kwa adabu. Daktari anainua mkono wako, anauzungusha, anausukuma nyuma, anakutazama usoni kuona kama utakunja uso. Kisha mazoezi ya dakika ishirini hivi, skauti watatu wenye kamera. Kisha: "Asante kwa kuja. Tumekuweka kwenye orodha." Saa sita mchana uko kwenye ndege. Nimeiona miji mizuri ya Marekani kwa namna hiyo, yote kupitia dirisha la basi dogo, na ukiniuliza kuhusu Kansas City au Charlotte nitakusimulia zulia la hoteli.

Wale malinebaka wengine wanne nilizoea kukutana nao tena katika mji mwingine. Tulianza kuulizana habari za watoto.

Wakala alikuwa amenituliza: msimu wa kawaida ukiisha Januari, klabu zote husajili watu kwa mikataba ya mwaka unaofuata, na hapo nafasi ni nyingi. Kwa hiyo mwanzoni mwa Januari 2023 nilikuwa kwa Mama, Dallas, nikisubiri. Jumatatu usiku, tarehe 2, tulikuwa tunatazama Buffalo na Cincinnati. Robo ya kwanza, Damar Hamlin wa Buffalo alimwangusha Tee Higgins, akainuka, akasimama kidogo, akaanguka chali.

Mimi nilidhani ni kichwa. Mama alijua kabla ya watangazaji. Aliwaona wahudumu wamepiga magoti namna ile, akasema, "Wanamsukuma kifua," akasimama katikati ya sebule na sare yake ya kazi, mikono ikisogea kidogo kidogo kama ndiye anayesukuma.

"Ana miaka mingapi?"

"24."

"Ni wa mwaka wako?"

"Wa mwaka wangu. Raundi ya 6."

Hakusema zaidi. Mechi ilisimamishwa, na baadaye ikafutwa kabisa. Hamlin alipona, na msimu uliofuata alirudi uwanjani, na mimi nilifurahi kama ndugu. Lakini katika siku zile za hospitali waandishi walianza kueleza jambo ambalo sisi wa chini tulilijua kwa moyo: ili mchezaji astahili pensheni ya ligi anahitaji misimu 3 iliyohesabiwa, na Hamlin alikuwa kwenye wa 2. Bima ya afya ya baada ya kuacha mpira nayo imefungwa kwenye misimu hiyohiyo. Watu walishangaa: mtu ameanguka mbele ya taifa zima na bado hajafika? Ndiyo, bado. Na yeye alikuwa anaanza kila wiki. Msimu wangu mmoja wa Omicron, hata ukiuhesabu kwa huruma, umebakiza 2.

Mikataba ya Januari ilisainiwa. Simu yangu haikulia. Februari ligi ya XFL ilirudi, na timu zake zote zilifanya mazoezi Arlington, mwendo mfupi kwa gari kutoka kwetu. Wakala alinipangia. Daktari akainua mkono, akauzungusha, na safari hii nilikunja uso.

Watu huniuliza ni siku gani niliacha. Sina siku. Nyota hustaafu kwa kikao na waandishi, mke mstari wa mbele, machozi. Kwa sisi hakuna barua wala kikao. Wakala aliyekuwa akijibu ujumbe baada ya dakika tano akaanza kujibu kesho yake, kisha wiki ijayo, bila ugomvi wowote. Naye ana watoto wa mwaka mpya wa kuwahangaikia. Niliendelea kuamka alfajiri na kukimbia mpaka Agosti, kambi zikafunguliwa bila mimi, na asubuhi moja nikalala mpaka saa mbili. Nadhani Mama alitambua kabla yangu, maana wiki ileile alileta fomu za cheti cha ualimu, akaziweka mezani karibu na chai bila kusema ni za nani.

Sasa ninafundisha mazoezi ya viungo katika sekondari moja huku kaskazini mwa Dallas, na mchana ninasaidia kwenye mpira. Bega hutabiri mvua. Kichwa, namshukuru Mungu, kiko salama mpaka sasa, ingawa Mama hunitega kwa maswali ya ghafla kuona kama nasahau. Anamfahamu vizuri Bennet Omalu, yule daktari wa Kinigeria aliyechunguza ubongo wa Mike Webster kule Pittsburgh mwaka 2002 na kuuonyesha ulimwengu kile ambacho makumbo haya hufanya kichwani. "Mwafrika ndiye aliyewaambia," husema, kana kwamba walisoma darasa moja.

Wazazi Wakenya wa huku huniletea vijana wao. Wengine wanataka niwaambie wawakataze, wengine wanataka niwaambie mtoto wao atakuwa tajiri. Mwaka huu kuna mama mmoja wa Plano, mwanawe ni mkubwa kwa umri wake, mikono mirefu, si mwepesi sana. Mama huyo alitaka kujua kama mchezo huu una kazi inayodumu. Nikamwambia ipo. Katika kila klabu kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuinama na kuurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, yadi 15 hivi, umfikie mpigaji kiunoni kabla ya sekunde 1 kuisha. Hakuna anayelijua jina lake mpaka akosee. Don Muhlbach, kijana wa chuo cha hapa Texas, Texas A&M, aliifanya kazi hiyo Detroit kwa misimu 17, mechi 260, na walimwacha Agosti ileile ya 2021 niliyoguswa bega mimi.

"Kuinama tu na kurusha?" mama aliuliza. "Miaka 17?"

"Ndiyo, dada. Na pensheni."

Akamtazama mwanawe. Kijana anakuja kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Anainama vizuri, ila mpira bado unakwenda juu mno, na mimi bega haliniruhusu kuudaka ukipita usawa wa kichwa, kwa hiyo ameanza kuja na mdogo wake wa kike aokote.